Barua ya Kijana wa Miaka Ishirini na Saba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, nilikuwa nikitia uzi kwenye sindano saba za Fundi Rachidi. Mbili uzi mweupe, mbili mweusi, moja kaki, moja buluu, na moja nyekundu ambayo sikuwahi kuiona ikifanya kazi yoyote, lakini aliitaka iwepo. Kila niliyoimaliza niliichomeka kwenye kifuko cha pamba alichokifunga mkononi kama saa. Muda huo wote yeye alitazama barabara, kama mtu ambaye jambo hilo halimhusu.

Macho yake hayakuwa na kasoro, hilo alilisema mwenyewe. Kasoro ilikuwa kwenye vumbi. Vumbi la mtaa wetu wa Bwiza, Bujumbura, lilikuwa limezidi tangu uhuru, na Wazungu wa viwandani nao siku hizi walitoboa sindano matundu madogo kwa ubahili. Uzi wa cherehani ukikatika mchana, mimi nikiwa shuleni, alisema cherehani imechoka, akatoa kiti nje na kuiacha ipumzike mpaka nirudi.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tatu, mwaka wa sitini na nne. Nilikuwa nimefika sindano ya tatu. Fundi akaufunika mkono wake wenye kifuko kwa mkono mwingine.

“Acha sindano, Mwalimu,” akasema. “Chukua kalamu.”

Nilishangaa, kwa sababu hakuwa mtu wa kukatiza jambo. Mlango wa duka aliufungua kwa mguu wa kushoto, mafuta ya cherehani aliyatia matone matatu, na kofia yake aliitundika kwenye msumari uleule ambao baba yake aliupigilia. Mama yangu Geneviève alipenda kusema kwamba fundi akifa, mwili wake utaamka kesho yake saa kumi na mbili kufungua duka. Mama na mimi tulikuwa tumepanga chumba cha nyuma katika ua wake tangu tulipovuka kutoka Bukavu, na kwa miaka mitatu hiyo hatukuwahi kumwona akigeuza hata upande wa kulaza mkasi.

Lakini jioni ya Jumapili nilikuwa nimempa habari. Baada ya Pasaka ningehamia kufundisha Gitega. Alinipongeza, akaniombea dua ndefu, kisha akatazama kifuko chake cha pamba. Nilidhani ni huzuni ya kuachana. Kumbe alikuwa akiwaza sindano.

Chini ya meza ya kukatia alitoa kopo la biskuti, na ndani ya kopo akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye rangi ya chai. Ilikuwa barua ya posa. Karani mmoja wa zamani, mwenye mwandiko mzuri, alimwandikia mwaka wa arobaini na mbili alipooa mara ya kwanza, naye akabaki na nakala. Mwaka wa arobaini na tisa nakala hiyo ikanakiliwa kwa ajili ya mke wa pili. Mwaka wa hamsini na saba ikanakiliwa kwa mke wa tatu. Sasa kaka yake mkubwa, Hamissi, anayefanya kazi kwenye meli ya Kigoma, alikuwa amepata binti mwingine huko Ujiji, wa miaka ishirini na moja, mwenye macho mazuri. Hilo la macho fundi alilitaja mara mbili.

Nikaanza kunakili. Barua ilianza hivi: “Usumbura, Ruanda-Urundi.” Nikauliza taratibu kama niandike Bujumbura, maana jina lilikuwa limebadilika na nchi yenyewe ilikuwa imegawanyika mbili. Akafikiri. Bujumbura akaikubali, watu wa posta wasije wakaleta matata.

Chini yake ilisema: “Sisi ukoo wa marehemu Seifu tunamleta kwenu kijana wetu Rachidi, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, fundi wa nguo, mpole, mwenye meno yote, na mwenye macho ya kutia uzi kwenye sindano kwa mwanga wa mwezi.”

Kalamu yangu ikasimama hapo yenyewe.

“Papa Rachidi,” nikasema, “huyu kijana tumwache na miaka yake?”

“We andika vile iko. Hii barua imefanya kazi mara tatu. Haijashindwa hata siku moja.”

Na kweli, barua haikuwahi kushindwa. Mara zote tatu ilikwenda Ujiji na mara zote tatu ilirudi na mke. Kilichoshindwa ni yale yaliyofuata baada ya barua.

Habari za wake hao nilizipata kwa majirani, na Bwiza jirani haombwi habari mara mbili. Fundi hakumpiga mke wala hakumnyima chakula. Ila Hamissi alikuwa amemfundisha tangu ujana kwamba mwanaume anayepiga soga na mkewe hupungua heshima, basi fundi jioni alifunga mlango wa duka na kinywa chake pamoja. Mke wa kwanza alisema ameolewa na cherehani. Wa pili alihesabu maneno anayoambiwa kwa siku, akapata kumi na moja, na manne kati ya hayo aliambiwa paka. Wa tatu naye alikuwa mkimya kwa asili, hivyo wakaishi miaka miwili kama watu wawili wanaosubiri kuitwa na daktari. Kila mmoja alirudi kwao kwa meli ileile iliyomleta. Na kila mmoja, kabla hajaondoka, fundi alimshonea gauni la safari.

Magauni hayo yalikatwa kwa kipimo kimoja. Ukutani palitundikwa kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, umbo la gauni, alilochora kwa mwili wa mke wa kwanza. Wa pili alikuwa mnene, akaondoka bila kuweza kuinua mikono kuaga. Wa tatu alikuwa mrefu, gauni likamwishia katikati ya miguu, na watu wa bandarini walidhani ni mtindo mpya.

Nilimaliza kunakili. Alikunja barua, akaitia kwenye bahasha, na hakuigundisha. Katika ukoo wao posa haigundishwi. Wanaona kuigundisha ni kama kumfungia mlango anayetaka kujibu.

“Na jirani asijue,” akasema.

Sikuuliza jirani gani. Alikuwa na majirani kumi na wawili, lakini neno hilo alilitumia kwa mmoja tu.

Alikuwa Mama Mwantum, mjane wa dereva wa lori, mwenye umri wa miaka arobaini na nne. Asubuhi aliuza kahawa ya tangawizi mlangoni pake, na mchana aliuza ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Kati ya ua wake na ua wetu palikuwa na uzio wa matete, na kwenye uzio palikuwa na tundu ambalo alipitishia kikombe cha fundi kila asubuhi. Tulipofika kutoka Bukavu tundu hilo lilitosha kikombe. Mwaka uliofuata lilitosha sahani ya maandazi. Sasa sufuria ingepita bila kuguswa na tete, na hakuna aliyewahi kulalamika wala kulitengeneza.

Kwenye tundu hilo yule mtu wa maneno kumi na moja alikuwa akizungumza bila kupumua. Alimweleza Mama Mwantum kuhusu suruali za makarani wa mtaa wa Rohero, kuhusu bei ya vifungo, kuhusu ndoto aliyoota ya baba yake akipanda baiskeli ndani ya ziwa. Mama Mwantum alicheka, akambishia, akamwambia baba yake hakujua baiskeli. Mama Mwantum alimwita “fundi”. Fundi alimwita “jirani”. Kwa miaka kumi na mmoja jina lake hakuwahi kulitaja. Na kila Idi alimshonea gauni. Nililichunguza la mwaka ule, likiwa bado mezani: hakuigusa karatasi ya ukutani. Alilikata kwa macho tu, na lilimkaa kama maji kwenye mtungi.

Ua mzima ulikuwa unajua. Mama yangu alikuwa anajua, na hata yule paka, nadhani. Waliobaki hawajui walikuwa wawili, na mmoja wao aliuza kahawa.

Mimi nilikuwa na shida nyingine. Nilikuwa nimebeba siri ya upande wa pili pia.

Jumanne na Ijumaa jioni nilifundisha akina mama kusoma katika foyer, nyumba ya mikutano ya mtaa. Miezi saba nyuma Mama Mwantum alikuja, akakaa dawati la nyuma, akaniomba kitu kimoja: yule fundi asijue. Alisema fundi angetaka kumsaidia, na kusaidiwa hakutaka. Alikuwa mwanafunzi mbishi. Aligombana na herufi. Alidai kwamba “ng'” ni uonevu kwa watu wazima. Lakini hakukosa hata siku moja, na kufikia mwezi wa pili alikuwa akisoma vibao vya maduka njia nzima kwa sauti, mpaka wenye maduka wakadhani ni mtu wa kodi.

Basi kila asubuhi nilikaa kati ya tundu na meza ya kukatia, na siri moja kila upande. Jumanne nilijaribu kumwambia fundi kwamba kuna watu wengi wa heshima wanaovaa miwani. Akasema miwani ni ya makarani na mapadri. Jumatano nilijaribu kumwambia Mama Mwantum kwamba meli ya kesho huenda ikabeba barua nyingi. Akasema meli kila Alhamisi hubeba barua, kama sina homa nikale.

Alhamisi, Hamissi aliyepaswa kuja kuichukua barua akatuma salamu kwamba wanapakia mapema na hawezi kutoka bandarini. Fundi alikuwa na mashati arobaini ya watoto wa shule ya kumaliza wiki ile. Alisimama na bahasha mkononi, akatazama mashati, akatazama barabara. Kisha uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepata jibu la hesabu. Kila Alhamisi Mama Mwantum alikwenda bandarini kupokea magunia yake ya ndagala.

Akapitisha bahasha kwenye tundu. Alimweleza kwamba ni mambo ya ukoo tu, amkabidhi Hamissi mkononi, na asiilowanishe. Mama Mwantum aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaona haikugundishwa. Akanitazama mimi kidogo. Nilifungua kinywa. Kila kitu kilikuwa tayari kwenye ulimi wangu.

Nikasema tangawizi ya leo imekolea.

Siku ile niliwafundisha watoto kujumlisha na sijui walijumlisha nini. Niliporudi saa nane mama alikuwa uani akichagua maharage, na fundi alikuwa mezani akikata. Honi ya meli ikasikika kutoka ziwani, ndefu, ya kuondoka. Fundi akainua mikono akasema bismillahi, akapangusa uso.

“Imekwenda,” akasema.

“Imekwenda,” nikajibu.

Kisha akaendelea kukata mikono ya mashati. Nilipotazama tena nilikuta amekata mikono minne ya kushoto mfululizo. Nikamwonyesha. Akalaumu vumbi, lakini hata yeye hakulisikiliza lile neno. Akakaa kwenye kiti cha cherehani akalitazama tundu la uzio, ambalo saa hiyo lilikuwa tundu tupu la kuonyesha ukuta.

Mama Mwantum hakuja kwa upande wa tundu. Alikuja kwa barabara, akaingia kwa mlango wa mbele kama mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa kwenye benchi la wateja, akiwa bado na kitenge chake cha bandarini kinachonuka ndagala. Akatoa bahasha kifuani. Uani, mama yangu alimaliza maharage yake, akayamwaga tena kwenye ungo, akaanza kuyachagua upya.

Fundi aliiona bahasha. Akaanza kusimama, akaacha.

Mama Mwantum akaitoa barua, akaikunjua gotini, akaweka kidole chini ya mstari kama nilivyomfundisha.

“Bu-ju-mbu-ra,” akasoma. “Hapa vizuri. Si-si u-ko-o wa ma-re-he-mu Se-i-fu tu-na-m-le-ta kwe-nu ki-ja-na we-tu…”

Alisoma mstari mzima, bila kuruka silabi, mpaka kwenye mwanga wa mwezi. Ilichukua muda mrefu. Ninaweza kusema tu kwamba sikuwahi kuona mwanaume akizeeka na kuwa mtoto kwa wakati mmoja, na siku ile niliona.

“Fundi,” Mama Mwantum akasema, “huyu kijana nimemutafuta bandarini, sikumuona. Nimemutafuta sokoni, apana. Nikasema labda amejificha hapa kwako. Mutu wa miaka ishirini na saba, meno yote. Ningependa kumuona.”

Fundi akauliza ni nani aliyemsomea.

“Nimesoma mi mwenyewe. Mwezi wa saba sasa najifunza.”

Fundi akanitazama. Nikatazama sindano.

Akasema, kwa sauti ya kutafuta heshima iliyodondoka, kwamba barua ya watu haifunguliwi. Mama Mwantum akajibu kwamba haikufungwa. Wao wenyewe ndio wasiogundisha posa. Kisha akaacha utani, akaiweka barua pembeni. Alikiri kwamba amekosa, na kama fundi anataka kumshitaki kwa shehe wa mtaa atakwenda na kusema ndiyo. Kwa Hamissi alikuwa amesema barua haijawa tayari, na Hamissi akapanda meli akilalamika juu ya wanaume wa siku hizi.

Halafu akatusimulia jambo ambalo mimi sikulijua, ingawa nilimfundisha miezi saba. Alipoolewa alikuwa na miaka kumi na sita. Barua ya posa ilisomwa na baba yake, mlango umefungwa. Aliambiwa yaliyomo: dereva, mkarimu, ana nyumba. Baadaye sana, marehemu mumewe alimwambia kwamba katika barua ile aliandika pia kuwa ana mtoto mdogo aliyefiwa na mama, na kwamba anaomba mwanamke ambaye hatakasirika kulea. Hilo baba hakulisoma. Yeye alilikuta nyumbani kwa mume, limekaa kwenye mkeka, likilia. Alimpenda yule mtoto, akamlea, sasa yuko Uvira na mke wake. Halikuwa neno baya. Angelikubali. Lakini hakuna aliyemwuliza.

“Barua iliyonioa sikuisoma,” akasema. “Ndiyo sababu nimekwenda kukaa na wanawake wenzangu kusoma a, e, i. Nilisema ikija nyingine, kwangu ao kwa mwingine, nitaisoma. Imekuja ya mwingine.”

Fundi akaupapasa mkasi mezani. Maneno kumi na moja yote yalikuwa yamemwishia.

Mama Mwantum akasimama, akaenda mezani, akachukua sindano moja tupu na uzi mweupe, akaviweka mbele yake.

“Huyu binti wa Ujiji atasoma kwamba unatia uzi kwa mwanga wa mwezi. Mi naomba mchana tu. Tia.”

Nikasimama kwenda kumsaidia, kwa mazoea ya mikono. Mama Mwantum akasema bila kugeuka, “Mwalimu, kaa.” Nikakaa.

Fundi akalamba uzi. Akainua sindano kuelekea mlangoni, kwenye mwanga. Akairudisha karibu, akaipeleka mbali kabisa, mkono umenyooka kama anamwonyesha mtu njia. Uzi ukapita kushoto. Ukapita kulia. Mara ya tatu alidhani umeingia, akavuta, uzi ukabaki mkononi mzima. Uani maharage yalikuwa yamenyamaza.

Akaiweka sindano mezani, taratibu, kichwa kikitazama chini.

“Sioni,” akasema.

Alilisema kama mtu anayetua gunia, na nadhani alishangaa kwamba halikuvunja kitu. Akarudia. Mwaka wa tatu sasa haoni tundu la sindano. Kama si Mwalimu, duka lingefungwa zamani. Hana miaka ishirini na saba. Ana arobaini na tisa. Na meno mawili ya nyuma hayapo.

“Ya meno najua,” Mama Mwantum akasema. “Maandazi yangu unatafuna upande mumoja.”

Akarudi kwenye benchi, lakini hakukaa. Aliikunja barua na kumwekea mezani, karibu na ile sindano. Akamwambia kwamba meli nyingine ni Alhamisi ijayo, na kama anataka ipelekwe, ataipeleka yeye mwenyewe, kwa mkono, bila kuilowanisha. Ila aandike miaka yake ya kweli, na aandike kwamba anatafuta mtu wa kumtilia uzi, ili yule mtoto wa watu ajue anakuja kufanya kazi gani. Alisema hivyo kwa upole, bila kejeli, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia kuliko kejeli. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akaelekea mlangoni.

Fundi akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake, naye hakukiokota. Akavuta kofia kwenye msumari, akaivaa, kama mtu anayeingia mbele ya wakwe.

“Sisi ukoo wa marehemu Seifu,” akaanza, “kwa heshima na—”

“Ukoo wako nimeuacha bandarini,” Mama Mwantum akasema, mgongo wake bado ukiwa kwetu. “Umepanda meli, umekwenda Kigoma. Hapa umebaki we peke yako.”

Fundi akaitazama barua. Akaitazama ile karatasi ya saruji ukutani, yenye mabega ya mwanamke aliyeondoka miaka ishirini iliyopita. Akaivua kofia tena. Hakuwa na mahali pa kuiweka, akaishika tu mkononi.

“Wale watatu sikuwazungumzisha,” akasema. “Nilifikiri mwanaume anakaa vile. Nilifikiri sina maneno. Kumbe nilikuwa nayo, siku hizi nayamaliza asubuhi pale kwenye tundu, jioni nikiingia ndani yamekwisha.”

Mama Mwantum akageuka.

“Sindano nitaivalia miwani,” akasema fundi. “Nitavaa kama padri, watu wacheke. Hii barua Mwalimu aichane, mi sina bibi wa kutafuta Ujiji. Na ukisema apana, tundu nitaliziba mi mwenyewe, kahawa nitanywa kwa wengine, sitakusumbua.” Akaigeuza kofia mkononi. “Lakini mi nakutaka we, Mwantum. Si wa kunitilia uzi. Nataka jioni niingie ndani, nikukute, tuendelee pale tulipoishia asubuhi.”